Namna ya kuzibana sin, cos na tan: mwongozo kamili wa kupata mipaka ambayo haibaniki zaidi

Kila aliyesoma hesabu za form five na six anajua kwamba pembe ikiwa ndogo sin x inakaribiana na x, na wengi wanaishia hapohapo kwenye "inakaribiana", hawaulizi inakaribiana kiasi gani, mpaka pembe ya ukubwa gani, na kosa lake ni lipi. Mimi naona hapo ndo utamu wote ulipo. Ukiweza kusimama ukasema sin x haishuki chini ya hapa, haivuki pale, na hizi namba mbili hakuna mtu atakayezisogeza hata kidogo, basi umepata kitu cha kutumia kwenye fizikia, kwenye programu ya kompyuta, kwenye mtihani, popote.

Huu mwongozo ni wa kukufundisha kuitafuta hiyo mipaka mwenyewe, sio kukariri orodha, kwa sababu orodha ni ndefu na kila mwaka inaongezeka lakini njia za kuifikia ni chache mno. Unachohitaji ni derivativu za sin, cos na tan, limiti za kawaida, na ule ukweli kwamba wastani wa kujumlisha hauwi mdogo kuliko wastani wa kuzidisha. Basi. Pembe zote humu ni radiani, na kalkuleta yako iweke kwenye radiani kabla hujaendelea maana ikibaki kwenye digrii hakuna hata mstari mmoja utakaokubali.

Kwanza tuelewane mpaka uliobana ni upi

Nikikuambia sin x < 5x kwa kila x iliyo juu ya sifuri, nimesema kweli, ila haikusaidii chochote. Nikisema sin x < x, hiyo imebana, kwa sababu ukijaribu kuweka 0.99x badala ya x kuna pembe ndogo ambapo inavunjika. Hicho ndo kipimo: ile konstanti ukiisogeza upande wa kubana hata kwa chembe, inikwaliti (yaani ile kauli ya < au >) inakufa mahali fulani. Mahali penyewe mara nyingi ni kwenye ncha ya eneo unaloliangalia, ama x inapokaribia 0 ama inapofika π/2. Shika hilo la ncha, ndo litatufanyia kazi mpaka mwisho.

Halafu usichanganye mpaka na makadirio. Bhaskara wa Kwanza kule India, karne ya 7, alitoa fomula nzuri sana: sin x ni takriban 16x(π − x) gawanya kwa 5π² − 4x(π − x). Kwenye digrii 30 inatoa 0.5 kamili, kwenye 90 inatoa 1 kamili. Lakini kwenye digrii 10 inatoa 0.17526 wakati jibu la kweli ni 0.17365, yaani imezidi, halafu kwenye 45 inatoa 0.70588 wakati ukweli ni 0.70711, imepungua. Ni makadirio ya ajabu kwa zama zile, ila huwezi kuyaegemea kama ukuta kwa sababu hujui uko upande gani wa jibu. Mpaka unakuambia upande.

Hatua ya kwanza: msingi unatoka kwenye mchoro

Chora duara la nusukipenyo 1, kata pembe x katikati, x ikiwa kati ya 0 na π/2. Unganisha zile ncha mbili za tao kwa mstari ulionyooka, unapata pembetatu yenye eneo ½ sin x. Kipande chote cha duara kina eneo ½ x. Sasa kwenye ncha moja ya tao simamisha mstari unaogusa duara, urefushe mpaka ukutane na mkono wa pili wa pembe, unapata pembetatu kubwa yenye eneo ½ tan x. Ya kwanza imo ndani ya ya pili, ya pili imo ndani ya ya tatu, kwa hiyo

sin x < x < tan x

na ukigawa vizuri unapata cos x < sin x / x < 1.

Usiidharau kwa sababu ni fupi. Archimedes alifungia π kwa wazo hilihili: ukiweka x = π/n unapata n·sin(π/n) < π < n·tan(π/n), na yeye akaenda mpaka poligoni yenye pande 96 akapata kwamba π iko kati ya 223/71 na 22/7. Bila kalkuleta, bila desimali. Tutarudi kwa huyu mzee kwa sababu kuna njia ya kufika mbali kuliko yeye kwa kazi ndogo zaidi.

Hatua ya pili: geuza swali liwe uwiano, kisha soma ncha mbili

Hii ndo roho ya mwongozo wote. Unataka konstanti bora a na b ili ax ≤ sin x ≤ bx? Usianze kubahatisha namba. Andika uwiano sin x / x na uulize unapanda au unashuka. Derivativu yake ni (x cos x − sin x)/x², na juu ukitoa cos x nje inakuwa cos x (x − tan x), ambayo ni hasi kwa sababu tumeshajua x < tan x. Kwa hiyo uwiano unashuka njia nzima kutoka 0 hadi π/2, na kitu kinachoshuka bila kugeuka kina thamani kubwa kwenye ncha ya kushoto na ndogo kwenye ncha ya kulia. Kushoto limiti ni 1. Kulia ni 1 gawanya kwa π/2, yaani 2/π. Umemaliza:

2/π ≤ sin x / x < 1, kwa 0 < x ≤ π/2.

Hii inaitwa inikwaliti ya Jordan, kwa jina la Camille Jordan wa Ufaransa, na wanaosoma namba changamano wanaijua kwa sababu inatumika kuonyesha intigro fulani zinakufa kwenye nusu duara kubwa. Na angalia, hatukuhitaji hoja ya pili ya kuonyesha kwamba imebana: kwa kuwa uwiano wenyewe unazifikia zile ncha, au unazisogelea bila kikomo, hakuna namba bora zaidi ya hizo. Uthibitisho wa mpaka na uthibitisho wa kubana umekuja kwa pamoja.

Hatua ya tatu: ukikwama kwenye derivativu, tumia uwiano wa derivativu

Tatizo ni kwamba uwiano ukiwa mgumu kidogo, derivativu yake inakuwa fujo tupu na huoni alama yake. Hapa kuna kifaa ambacho kingefundishwa mapema zaidi, Anderson, Vamanamurthy na Vuorinen walikiweka wazi mwaka 1993. Kinasema hivi: una uwiano f/g, na f na g zote ni sifuri kwenye ncha moja ya eneo (ileile, kushoto au kulia), na g′ haigusi sifuri ndani. Basi kama f′/g′ inapanda, f/g nayo inapanda, na kama f′/g′ inashuka, f/g inashuka. Yaani badala ya kupigana na uwiano wenyewe unadiferenshieti juu peke yake na chini peke yake, na ukikuta bado ni ngumu unarudia, mradi lile sharti la sifuri kwenye ncha linatimia kila mara.

Tujaribu. Nataka kujua sin x inapungukiwa na x kwa kiasi gani. Naunda (x − sin x)/x³. Mbona x kwa kipeo cha tatu? Kwa sababu karibu na sifuri x − sin x inaenda kama x³/6, na ukichagua kipeo kisicho sahihi limiti inakuwa 0 au inakimbilia mbali, huwezi kupata konstanti. Juu na chini zote ni sifuri kwenye x = 0. Diferenshieti: (1 − cos x)/(3x²). Sasa kumbuka 1 − cos x = 2 sin²(x/2), ukiipanga inakuwa

(1/6) · [sin(x/2) / (x/2)]²

na hiyo tumeshaonyesha hatua iliyopita kwamba inashuka. Kazi imekwisha, uwiano wa mwanzo unashuka kutoka 1/6 hadi thamani yake kwenye π/2 ambayo ni 4(π − 2)/π³, takriban 0.14727. Kwa hiyo

1 − x²/6 < sin x / x ≤ 1 − 0.14727x²

(hiyo 0.14727 kwa maandishi kamili ni 4(π − 2)/π³, ukiandika jibu andika hivyo).

Sasa lile swali la "inakaribiana kiasi gani" lina jibu. Ukiweka x mahali pa sin x, kosa ukiligawa kwa x halizidi x²/6. Digrii 10 ni radiani 0.17453, ukipiga x²/6 unapata 0.0051, nusu asilimia na kidogo. Digrii 5 unapata 0.0013. Ndo maana mwalimu wa fizikia anakwambia pendulamu usiivute sana pembeni, sasa una namba ya kumwonyesha kwamba "sana" inaanzia wapi kulingana na usahihi unaoutaka wewe.

Hatua ya nne: amua ni ncha gani unaijali

Hapa watu wengi wanapitia haraka, na ndo panapotofautisha mpaka unaofaa na mpaka wa mapambo. 1 − x²/6 ni tamu karibu na sifuri: kwenye x = 0.1 inatoa 0.998333 na ukweli ni 0.998334. Lakini ipeleke kwenye x = 1.5 inatoa 0.625 wakati sin x / x ni 0.66500. Imelegea.

Unataka mpaka wa chini unaogusa kule kulia? Basi unda uwiano unaotumia ncha ya kulia:

(sin x / x − 2/π) gawanya kwa (π² − 4x²)

Juu na chini zote ni sifuri kwenye π/2, kwa hiyo kile kifaa kinafanya kazi kutoka upande huo. Diferenshieti zote mbili, alama za hasi zinakatana, unabaki na (sin x − x cos x)/(8x³). Bado haisomeki, lakini hii nayo juu na chini ni sifuri, safari hii kwenye 0, rudia: juu inakuwa x sin x, chini 24x², yaani (1/24) · sin x / x. Inashuka! Hivyo mnyororo wote unashuka, na ncha zake ni (π − 2)/π³ kushoto na 1/π³ kulia. Ukiufungua mpaka wa chini unapata

sin x / x ≥ 3/π − 4x²/π³

Ukiijaribu kwenye 1.5 inatoa 0.66467, ukweli 0.66500, imekaribia sana. Kwenye 0.1 lakini inatoa 0.95364 wakati ukweli ni 0.99833, huku imeachwa mbali. Zote mbili zimebana, kila moja kwenye ncha yake. Kama unahitaji eneo zima, chukua iliyo kubwa kati ya hizo mbili: zinapishana kwenye x karibu 1.09, chini ya hapo tumia ya kwanza, juu ya hapo hii ya pili. Na mpaka wa juu wa huo uwiano ukiufungua utakuta ni uleule wa hatua ya tatu wenye 0.14727, hesabu zenyewe zinakuhakikishia hukukosea njiani.

Hatua ya tano: weka cos ndani, na umpite Archimedes

Mpaka unaotumia x² tu una kikomo chake. Ukiruhusu cos x iingie unapata kitu kizuri zaidi:

sin x / x < (2 + cos x)/3

Hii inaitwa inikwaliti ya Cusa na Huygens. Nicolaus Cusanus aliigusa karne ya 15, Snellius akaitumia 1621, na Christiaan Huygens wa Uholanzi ndiye aliyeithibitisha vizuri mwaka 1654. Kwa sisi wenye derivativu ni mistari miwili. Chukua x − 3 sin x/(2 + cos x), ni sifuri kwenye 0, na derivativu yake ukiipanga kwa subira inageuka kuwa

(1 − cos x)² / (2 + cos x)²

ambayo haiwezi kuwa hasi kamwe. Kwa hiyo ile tofauti inapanda tu. Na kwa kuwa hatukutumia π/2 popote, inikwaliti hii ni kweli kwa kila x chanya, sio kwa pembe kali peke yake. Mimi hii derivativu naipenda kuliko zote humu, kitu kilichokuwa na sin na cos na mgawanyo kinajikunja chenyewe kuwa kipeo cha pili kamili. Karibu na sifuri tofauti ya pande mbili ni x⁴/180 tu, linganisha na mipaka ya juu ya mwanzo ambayo kosa lake lilikuwa la x².

Kuna ndugu yake, Huygens tena: 2 sin x + tan x > 3x kwa 0 < x < π/2. Uthibitisho unakuja hatua inayofuata. Kwanza tuone inafanya nini kwa π. Weka x = π/n kwenye zote mbili:

3n·sin(π/n) / (2 + cos(π/n)) < π < (n/3)·[2 sin(π/n) + tan(π/n)]

Chukua pembesita, n = 6. Kwa njia ya Archimedes pembesita inakupa 3 < π < 3.4641, hakuna cha kujivunia. Kwa njia hii, sin 30° ni 0.5, cos ni 0.86603, tan ni 0.57735, upande wa chini ni 9 gawanya kwa 2.86603, sawa na 3.1402, upande wa juu ni 2 × 1.57735, sawa na 3.1547. Pembesita tu hiyo. Ongeza pande ziwe 12: sin 15° ni 0.258819, cos 0.965926, tan 0.267949, na unapata

3.1415 < π < 3.1424

Sasa linganisha na pande 96 za Archimedes, 223/71 ni 3.1408 na 22/7 ni 3.1429. Poligoni ya pande 12 imebana kuliko yake pande zote mbili. Anayesema kutafuta mipaka iliyobana ni mchezo wa watu wa nadharia tu, mwonyeshe hii. Piga mwenyewe kwenye kalkuleta, dakika mbili.

Hatua ya sita: kipeo bora, na ufunguo unaofungua milango mitatu

Tumeshajua cos x < sin x / x. Lakini sin x / x ni ndogo kuliko 1, kwa hiyo ukiipandisha kipeo inapungua. Je, unaweza kuipandisha mpaka kipeo gani na bado ibaki juu ya cos x? Jibu ni 3:

(sin x / x)³ > cos x, kwa 0 < x < π/2

Hii ni ya Mitrinović na Adamović. Kwanza kwa nini isizidi 3: karibu na sifuri (sin x / x) kwa kipeo p inaenda kama 1 − px²/6, na cos x inaenda kama 1 − x²/2. Ukiweka p kubwa kuliko 3, hata 3.01, ile ya kwanza inashuka haraka kuliko ya pili na inikwaliti inavunjika papo hapo karibu na sifuri. Kwa hiyo 3 ndo mwisho wa reli.

Kwa nini 3 yenyewe inafaa: andika c badala ya cos x na chukua F(x) = sin x · c^(−1/3) − x. Kwenye sifuri ni 0. Diferenshieti, badilisha sin² kuwa 1 − c², na unapata

F′ = (2/3) c^(2/3) + (1/3) c^(−4/3) − 1

Tulia uangalie hapo. Hizo ni wastani wa namba tatu: c^(2/3), c^(2/3) tena, na c^(−4/3). Zizidishe pamoja unapata c kwa kipeo 0, yaani 1. Wastani wa kujumlisha wa namba chanya tatu ambazo zikizidishwa zinatoa 1 hauwezi kuwa chini ya 1. Kwa hiyo F′ ni chanya, F inapanda, na sin x iko juu ya x·c^(1/3). Pandisha kipeo cha tatu, umemaliza.

Sasa ufunguo wenyewe. Andika S = sin x / x na T = tan x / x. Ukizidisha S·S·T unapata S³/cos x, ambayo kwa hiyo inikwaliti ni kubwa kuliko 1. Basi:

wastani wa S, S na T ni mkubwa kuliko 1, yaani 2S + T > 3. Hiyo ndo Huygens niliyokuahidi.

wastani wa S² na T ni mkubwa kuliko 1 kwa sababu S²·T ni kubwa kuliko 1, yaani S² + T > 2. Hii ni inikwaliti ya Wilker, aliiuliza kama swali mwaka 1989 na watu wameiandikia makaratasi mengi, wakati ukiwa na kipeo cha 3 mkononi inatoka kwa mstari mmoja.

Ndo maana nasema usikariri orodha. Ukishajua moja inayozaa nyingine, orodha unaitengeneza mwenyewe.

Hatua ya saba: tan inapolipuka

tan x inakimbilia mbali bila kikomo x ikikaribia π/2, kwa hiyo hakuna mpaka wa juu wa kawaida utakaodumu. Cha kufanya ni kuua mlipuko kwanza: izidishe na kitu kinachokuwa sifuri palepale. Tumia (π² − 4x²) · tan x / x. Kushoto limiti ni π², kulia mlipuko na sifuri vinakatana unapata 8. Kuonyesha inashuka kwa derivativu ni mateso, lakini Euler alituachia njia ya mkato, kwamba tan x / x ni jumla isiyoisha ya 8/(m²π² − 4x²) ambapo m ni 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Zidisha kwa π² − 4x²: neno la kwanza linakuwa 8 kavu, na kila neno lingine lina umbo la (A − u)/(B − u) ambapo u ni 4x² na B ni kubwa kuliko A, umbo ambalo linashuka u ikipanda. Jumla ya vitu vinavyoshuka inashuka. Hivyo

8/(π² − 4x²) < tan x / x < π²/(π² − 4x²)

Hii ni ya Becker na Stark, 1978, na 8 na π² haziguswi. Kwenye x = 1 inasema tan iko kati ya 1.363 na 1.681, ukweli ni 1.557. Haijabana sana katikati, lakini faida yake ni kwamba inakufuata mpaka ukingoni kabisa kwenye π/2 ambapo mipaka mingine yote imeshakufa.

Mambo ya kuangalia kabla hujaandika jibu

Grafu ikuonyeshe njia, isiwe uthibitisho. Mistari miwili inayotofautiana kwa x⁴/180 kwenye skrini ya simu inaonekana mmoja, na huwezi kujua nani yuko juu. Vilevile usijaribu x moja ukaridhika, jaribu karibu kabisa na 0, katikati, na karibu na ncha ya kulia.

Ukigawa au kuzidisha pande mbili, hakikisha unachotumia ni chanya kwenye eneo lote. cos x baada ya π/2 ni hasi, na hoja nyingi za hapo juu zinakufa hapo. Ukihitaji kwenda mpaka π, kuna ya Redheffer ya mwaka 1968: sin x / x ≥ (π² − x²)/(π² + x²), inagusa sifuri pamoja na sin kwenye π, na inafaa kwa eneo hilo zima.

Na lile sharti la sifuri kwenye ncha kwenye hatua ya tatu, liandike kila mara unapotumia kifaa. Ukiliruka unaweza kupata f′/g′ inayopanda huku f/g inashuka, na hakuna kitu kitakachokuonya.

Maswali ya kujipima

La kwanza jepesi: bana (1 − cos x)/x² kati ya 0 na π/2. Utapata 1/2 na 4/π², na hivyo 1 − x²/2 < cos x ≤ 1 − 4x²/π².

La pili: tafuta mpaka wa chini unaoandamana na Cusa. Unda (x − sin x)/(x − x cos x), diferenshieti juu na chini, gawa kote kwa 1 − cos x, utaona kwamba kila kitu kinategemea x kuzidisha 1/tan(x/2), ambayo inashuka. Uwiano unapanda kutoka 1/3 hadi 1 − 2/π, na mpaka wa chini ni 2/π + (1 − 2/π) cos x.

La tatu ni gumu kweli: kwenye Wilker, gawa S² + T − 2 kwa x³ tan x. Ncha zake hazisumbui. Kushoto panua S² na T mpaka x⁴, zile x² zinakatana na unabaki na 2/45 + 2/15, yaani 8/45. Kulia tan inameza kila kitu unabaki na 1/x⁴ kwenye π/2, yaani 16/π⁴. Namba hizo mbili zinakaribiana mno, 0.1778 na 0.1643, na kazi yenyewe iko kwenye kuonyesha kwamba uwiano haugeuki popote katikati, hapo utahitaji kalamu, karatasi kadhaa, na mfululizo wa tan wenye maneno mengi kuliko mawili.